Kabla hujatoa hela ya ile XT

Kaka Side,

Salamu za huku Iringa, baridi ishaanza mwanangu, asubuhi nikitoka kuwasha pikipiki mikono inakuwa kama imeazimwa. Shemeji hajambo? Na mama mguu wake unaendeleaje, mwambie yale majani aliyonipa nimeyatumia na nimepona, au nimepona yenyewe sijui, ila mwambie ni majani.

Picha za ile pikipiki ya Yamaha anayokuuzia yule mzee wa Tanga nimeziona. Nimezikuza mpaka simu ikaganda. Umeniuliza "ninunue nisinunue" kana kwamba unauliza bei ya nyanya, nikaanza kukuandikia meseji nikafuta, nikaanza tena nikafuta, mwisho nikasema ngoja nikae chini nimwandikie huyu mtu barua ya maana maana akinunua akaharibikiwa ntalaumiwa mimi mpaka kaburini.

Ile ni XT600E kweli, mzee hajakudanganya. Yangu ni ileile, ya miaka ya 90, tanki dogo la lita 13 na hamna kiki ya mguu, ni starta ya betri tu. Hizi Yamaha waliziunda kuanzia mwaka 1984 hivi mpaka 2003 na kwa miaka yote hiyo injini ni wazo lilelile: pistoni moja kubwa, ukubwa wa sisi (cc) 595, valvu 4, inapozwa na upepo, hamna rejeta, hamna pampu ya maji, hamna kompyuta. Ni mtoto wa ile XT500 ambayo Mfaransa Cyril Neveu alishindia Paris-Dakar ya kwanza kabisa mwaka 1979, kwa hiyo ukoo wake jangwa umelivuka. Lakini ukoo sio mtu. Pikipiki ya miaka 30 inafanana na watu waliokaa nayo, sio na kiwanda, na hilo ndo nataka tuliongee.

Ngoja nikupe kisa cha Kitonga ambacho sijawahi kukusimulia kwa sababu ni aibu.

Mwaka wa kwanza nilipoinunua niliipeleka gereji moja hapa mjini wabadilishe oili. Fundi mzuri tu, boksa na TVS, zile za bodaboda, anafungua akiwa amefumba macho. Akafungua nati ya chini ya injini, oili ikamwagika, akafunga, akamimina mpya. Akapima, eti ipo chini. Akaongeza. Akapima tena, bado ipo chini, akaongeza tena, mi nimesimama pale nakunywa soda najiona mtu mwenye pikipiki. Kesho yake nikashuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, kushuka hamna shida, siku ya kurudi napandisha Kitonga mashine ikaanza kupoteza nguvu, nafungua mafuta haiendi, naangalia kioo nyuma siioni barabara, naona moshi wa bluu tu, lori la nyuma linapiga honi kama harusi. Nikasogea pembeni. Nikafungua kava la ubavuni nikatoa filta ya hewa, ile ya sponji, ilikuwa imelowa oili kama andazi lililotoka kwenye karai sasa hivi. Nikaiminya, oili ikatiririka mpaka kwenye kiwiko. Moyo ukafa. Nikajua ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, na kilo zangu 20 za vitunguu ziko nyuma.

Taniboi mmoja wa lori lililokuwa limesimama kupoza breki akaja, akanusa, akaniuliza swali moja tu: "Bro, oili umeweka kiasi gani?" Akanipa kopo na spana 19, tukafungua tukapunguza oili ikajaa chupa ya maji ya lita moja na nusu na nyingine ikamwagika chini. Nikawasha. Moshi ukatoka kama dakika tano, ukapungua, ukaisha. Nikapanda mlima mpaka Ilula nikifikiria yule fundi.

Baadaye ndo nikaelewa, na hili ulishike vizuri maana ndo roho ya hii pikipiki. XT600E oili yake haikai chini ya injini kama boksa. Inakaa ndani ya fremu, kwenye bomba lile la chuma linaloshuka mbele ya injini, na pampu ndo inaizungusha. Kwa hiyo kwanza nati za kumwagia ziko mbili, moja ya injini na moja chini ya fremu, ukifungua moja tu oili nyingine inabaki imejificha humo. Pili, ikilala usiku oili inavuja kidogokidogo kutoka kwenye fremu inashuka kwenye injini, sasa asubuhi ukipima ikiwa ya baridi kijiti kinakudanganya kwamba imepungua, unaongeza, kesho inakudanganya tena unaongeza, mpaka siku inaamua kuitapika yote kwenye filta ya hewa. Inapimwa hivi: unaiwasha, unaizungusha mpaka ipate joto sawasawa, unaiacha iungurume kidogo, unazima, umeishika wima sio imeegemea mguu, halafu ndo unafungua kile kifuniko kwenye shingo ya fremu, mbele ya tanki hapo nyuma ya usukani. Basi. Yule fundi wangu hakuwa mjinga, hakuna aliyemwambia, na mimi mwenye mali nilikuwa nakunywa soda.

Sasa tukirudi kwa huyo mzee wako wa Tanga. Kabla hujapiga starta muulize hivi, kwa heshima, "Mzee, oili ya hii inapimwaje?" Akikwambia inapimwa ya moto, pale shingoni, huyo mtu kakaa nayo vizuri, unaweza kunywa chai yake. Akikuonyesha sehemu nyingine au akisema asubuhi kabla hujawasha, hapo fungua filta ya hewa uone kuna nini. Na fika bila kumwambia saa kamili. Ukifika shika injini kwa kiganja, ikiwa na joto ujue ameiwasha kabla yako kwa sababu anajua asubuhi haiwaki kirahisi. Mwambie tutaongea kesho. Mashine hii ikiwa ya baridi unavuta choki, unapiga starta, inakohoa mara moja mbili halafu inashika na kuanza ile tuku tuku tuku yake nzito, ikikataa kuna sababu.

Angalia pia ile mipira miwili inayounganisha kabureta na injini. Kabureta zake ziko mbili zimeungana, moja inafunguka mwanzo na nyingine inafuata ukiongeza mafuta, na kila moja ina mpira wake. Hii mipira inazeeka inapasuka upande wa chini usikoona, injini inavuta hewa ya wizi, basi haitulii ikiwa imesimama inaunguruma, mara inapanda mara inashuka mara inazima kwenye mataa. Yangu ilinisumbua miezi, nimeosha kabureta mara tatu bure, mpaka siku moja nikachukua bomba la sindano nikarushia maji kidogo kwenye mpira wakati inaunguruma na mlio ukabadilika hapohapo. Kupata mipira mipya ilikuwa kazi, ilikuja na mtu kutoka Ujerumani, kule hizi XT zilipendwa sana na bado spea zinapatikana, lakini nilisubiri zaidi ya miezi miwili na nilikuwa natembelea mashine iliyofungwa kipande cha tyubu ya baiskeli na klipu. Ilitembea lakini. Hicho ndo kitu nachokipenda na ndo kitu kinachonitia wazimu, haikatai kutembea, inatembea ikiwa mgonjwa, na wewe unazoea ugonjwa wake unadhani ni tabia.

Spea, kaka, nisikudanganye. Boksa ikikufia Muheza saa 3 usiku kuna mtu atafungua duka akuuzie anachotaka kukuuzia. XT hapana. Cheni yake ni saizi 520, maduka ya bodaboda yana 428. Tairi la mbele ni ringi 21, la nyuma 17 lakini nene, 120/90, mtaani utaambiwa "hiyo agiza". Mimi naagiza Kariakoo mapema, tairi jipya linakaa chini ya kitanda kabla la zamani halijaisha, mama watoto ameshazoea. Nafuu ipo kwenye plagi. Yake halisi ni NGK DPR8EA-9, ila siku moja Mafinga ilikufa jioni nikaenda duka la spea za zile pikipiki za Kichina nikachukua D8TC, ya kawaida kabisa, uzi ni uleule na urefu uleule, nikaifungua mdomo kidogo maana hii inataka nafasi ya kama milimita 0.8, nikafunga, nikarudi nayo Iringa. Sio ya kukaa nayo mwaka lakini nyumbani utafika.

Betri usiidharau. Bila kiki, betri ikifa unasukuma, na kusukuma pistoni moja ya sisi 600 sio mchezo. Mara ya kwanza niliweka gia ya 1 kama boksa, vijana wawili wanasukuma, nikaachia klachi, tairi la nyuma likaganda likaburuzika kama nimefunga breki na mmoja akaja kunikumbatia mgongoni. Weka ya 2 au ya 3, kaa uzito wote nyuma, halafu achia.

Kuseti tapeti, yaani nafasi za valvu, ndo kazi yangu ya Jumapili, na hii ukinunua fanya mwenyewe, usimpe mtu. Haina mambo ya visahani vya kupima na kubadilisha, ni skrubu na nati tu. Iwe imelala usiku kucha, injini ya baridi kabisa, unazungusha mpaka pistoni iko juu valvu zote zimefunga, unaingiza fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Valvu za kuingizia hewa zinataka milimita 0.05 mpaka 0.10, za kutolea moshi 0.12 mpaka 0.17. Binti yangu mdogo ndo ananishikia tochi. Ile geji ukiivuta inatakiwa ikwame kidogo tu, kama karatasi mbili za kitabu kipya zilizoshikana, ikipita bure imelegea, ikigoma imebana, na iliyobana ndo mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele. Iliyolegea utaisikia inagonga kama cherehani, inakusumbua lakini haikuui. Binti sasa anajua, akinisikia naiwasha anasema baba inashona.

Halafu mtetemo. Pistoni moja, hata ikiwa na balansa ya kutuliza mtetemo ndani, barabara ya changarawe itakutikisa, mimi kila mwisho wa mwezi nazungukia nati zote na spana 10, 12 na 14, namba ya nyuma ishapasuka mara mbili na sailensa ilishawahi kubaki na nati moja. Na usiivute gia ya 5 ikiwa mwendo mdogo, ukisikia cheni inapigapiga shusha gia, hii mashine sio trekta hata kama mlio ni wa trekta.

Mafuta haina geji, ni koki ya mkono yenye akiba. Yangu inakwenda kama kilomita 20 kwa lita nikiwa mstaarabu. Utakata barabarani, utageuza koki kwenye akiba, utafurahi, utafika kituoni utajaza, utasahau kuirudisha, na safari inayofuata ikikata hamna tena akiba. Kila mwenye XT ameshasukuma kwa sababu hii, usiniambie wewe hutasukuma.

Na urefu. Kiti ni sentimita 85 na ushee kutoka chini, nawe miguu yako naijua tangu Mkwawa. Kaa juu yake kabla hujaongea bei, vaa viatu utakavyoendeshea, sio ukajaribie na ndala.

Kadi ya pikipiki uiangalie kabla ya injini. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo pale mbele, safisha matope usome mwenyewe herufi kwa herufi ulinganishe na kadi, na jina kwenye kadi liwe la huyo mzee, sio la "mjomba yuko Dar". Mimi yangu ilinichukua karibu mwaka kubadilisha jina kwa sababu aliyeniuzia hakuwa aliyeandikwa.

Umesema unaitaka kwa safari za Lushoto kwa wakwe. Ile kupanda kutoka Mombo mpaka Soni, kona baada ya kona, gia ya 3, sio lazima ukimbie, unafungua tu kidogo inakunyanyua na mzigo wako na shemeji nyuma bila kulalamika. Hapo hamna boksa itakayokupa raha ile. Lakini kwa mizunguko ya mjini Tanga, sokoni na kurudi, utachoka, inapata joto, ni nzito, na foleni itakuchoma mapaja. Usiuze boksa yako. Ukisema unauza boksa ili kuongezea hela ya XT basi jibu langu ni usinunue, hilo sizungushi.

Tapeti nitakuja kukufundisha mwenyewe mwezi wa 8 shule zikifungwa, fila geji ninazo mbili moja ni yako. Ila ukienda kwa huyo mzee nipigie ukiwa umesimama mlangoni kwake, kabla haijawashwa, uweke simu karibu na injini. Nataka niisikie inavyoamka.

Wako,
Kibegi