Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Shirikisho la Soka la Scotland: waelezeni wachezaji, kisha waacheni waseme

Ndugu Ian Maxwell,
Hampden Park, Glasgow.

Salamu kutoka Govanhill, jirani kabisa na uwanja wenu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Glasgow, na jioni nafundisha mpira kwa kujitolea vijana wa chini ya miaka 14. Wengi wao ni watoto wa Watanzania, Wakongo na Warundi. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, ili wazazi wao waisome kwanza; ofisini kwako nitaileta pamoja na tafsiri.

Nina ombi moja. Hoja ya uhuru wa Scotland haijafa, na sioni dalili kwamba itakufa. Kabla haijarudi kwenye sanduku la kura, naomba shirikisho lako litoe waraka kwa wachezaji wote wa kulipwa na vijana walioko kwenye akademi. Uwaeleze bayana nini kitabadilika katika kazi yao siku Scotland ikiwa dola kamili. Na uwahakikishie kwamba hakuna atakayeachwa timu ya taifa, kupewa onyo wala kuzibwa mdomo kwa kuwa amesema Ndiyo au amesema Hapana.

Niseme mapema niliposimama. Mwaka 2014, kwenye kura ya maoni ya uhuru wa Scotland, nilipiga kura ya Ndiyo. Sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tuliokuwa tukiishi Scotland kihalali tuliruhusiwa kupiga, na nilipiga kwa moyo wote. Tulishindwa, asilimia 55.3 kwa 44.7, ingawa hapa Glasgow Ndiyo ilipita. Nalitaja hili ili ujue kwamba nikiwatetea waliosema Hapana, siwatetei kwa sababu ni wenzangu.

Maana walikuwepo, na walikuwa wakubwa. Agosti 2014 kundi la nyota wa zamani lilitoa tamko la kuwaomba Waskoti wabaki ndani ya Uingereza. Alikuwemo Denis Law. Alikuwemo Billy McNeill, nahodha wa Celtic iliyobeba Kombe la Ulaya kule Lisbon mwaka 1967. Alikuwemo Ally McCoist, wakati huo kocha wa Rangers. Watani wa jadi kwenye tamko moja! Sir Alex Ferguson naye alikuwa upande huo, na alilalamika hadharani kwamba Waskoti wanaoishi sehemu nyingine za Uingereza wamenyimwa kura. Upande wangu alisimama Michael Stewart, aliyepata kuchezea Manchester United, Hearts na Hibernian, naye hakumung'unya maneno.

Sasa yapitie tena majina hayo. Karibu wote walikuwa wameshatundika daluga. Waliokuwa bado uwanjani, wale ambao uhuru ungewakuta na mkataba mkononi na miaka kumi ya kazi mbele yao, kwa sehemu kubwa walinyamaza.

Tena wengine hata kura hawakuwa nayo. Julai 2014 Andrew Robertson aliondoka Dundee United kwenda Hull City ya England. Kura ile ilikuwa ya wakazi wa Scotland, si ya waliozaliwa Scotland, kwa hiyo Mskoti aliyehamishia makazi yake England alikuwa nje. Wakati huo huo beki wa kati wa Celtic alikuwa Mholanzi aitwaye Virgil van Dijk, na yeye, kama raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anayeishi Scotland, alikuwa na haki ya kujiandikisha na kupiga. Kura ilifanyika Septemba 18. Miezi miwili baadaye, Novemba 18, Scotland iliikaribisha England Celtic Park ikafungwa 3-1, na bao pekee la Scotland lilifungwa na Robertson yule yule. Sisemi Mholanzi asingestahili kupiga. Mimi mwenyewe ni mgeni niliyepiga. Nasema wachezaji wenu ni watu ambao kazi yao inavuka mpaka kila msimu, na wanaoguswa zaidi na mpaka huo ndio wenye sauti ndogo zaidi juu yake.

Kwa nini wananyamaza? Wewe ulicheza beki katika ligi za nchi hii na baadaye ukaiongoza Partick Thistle, sina haja ya kukufundisha Glasgow. Majukwaa ya Rangers yamejaa bendera ya Uingereza, ya Celtic yana bendera ya Ireland. Kijana wa Rangers akisema anataka uhuru, atazomewa na watu elfu hamsini Jumamosi inayofuata. Wa Celtic akisema anautaka muungano, hali ni hiyo hiyo. Andy Murray, mcheza tenisi ambaye hata mpira wa miguu si kazi yake, alionyesha kuelemea Ndiyo asubuhi ya siku ya kura, matusi yakamwangukia kama mvua. Mchezaji wa miaka 22 akiona hayo, wakala wake akimwonya, na klabu ikimkumbusha wadhamini, atachagua usalama. Ningekuwa yeye huenda ningefanya hivyo hivyo.

Najua jibu ambalo hutolewa: mpira na siasa visichanganywe. Ndugu Maxwell, shirikisho hilo hilo unaloliongoza liliwahi kukataa jibu hilo. Novemba 11, 2016, Scotland ilipocheza na England Wembley, timu zote mbili ziliingia na vitambaa vyeusi vyenye ua jekundu la kuwakumbuka wanajeshi, ilhali FIFA ilikuwa imesema alama hiyo ni ya kisiasa. Scotland ikatozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa. Kama shirikisho lilikuwa tayari kutozwa faini kwa jambo ambalo liliamini ni la heshima, basi mchezaji naye aruhusiwe kuwa na jambo analoliamini. Simtaki avae kauli kwenye jezi; sheria za mchezo zinakataza na ziendelee kukataza. Namtaka awe huru kujibu swali la mwandishi wa habari bila kutetemeka.

Tazama yaliyompata Gerard Piqué, beki wa Barcelona. Oktoba 1, 2017, siku ya kura ya Catalonia ya kujitenga na Hispania, Barcelona ilicheza na Las Palmas bila mtazamaji hata mmoja ndani ya Camp Nou. Baada ya mechi Piqué alilia mbele ya kamera, akasema kama kuna anayemwona ni tatizo yuko tayari kuiacha timu ya taifa ya Hispania. Siku iliyofuata alizomewa mazoezini na mashabiki wa nchi aliyoipa Kombe la Dunia. Yeye alikuwa akitetea tu haki ya watu kupiga kura. Sitaki mtoto wa Scotland aje asimame peke yake vile, shirikisho lake likitazama pembeni.

Lakini kusema bila kujua ni kupiga kelele, na hapa ndipo penye uzito wa barua yangu. Wachezaji hawajaelezwa.

Chukua umri wa kuhama. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, ila kwa sababu chache. Sababu moja ni kwamba mwenye miaka 16 au 17 anaweza kuhama ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo la kiuchumi la Ulaya, au kati ya mashirikisho mawili yaliyo ndani ya nchi moja. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachouacha wazi mlango wa Scotland na England tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Billy Gilmour alitoka Rangers kwenda Chelsea mwaka 2017 akiwa na miaka 16. Ben Doak alitoka Celtic kwenda Liverpool mwaka 2022, naye akiwa na 16. Siku Scotland itakapokuwa nchi yake, mashirikisho haya mawili hayatakuwa tena ndani ya nchi moja, na FIFA isipoongeza kipengele kipya mlango huo utafungwa. Atakayebaki na nafasi ni hasa wa mpakani, kwa sababu kanuni inamruhusu anayeishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpaka kujiunga na klabu iliyo ndani ya umbali kama huo upande wa pili. Kijana wa Dumfries ataweza kwenda Carlisle. Wa Govanhill hataweza.

Na Scotland huru ikirudi Umoja wa Ulaya, picha inageuka: kijana wangu wa miaka 16 ataweza kwenda Bologna au Dortmund lakini si Newcastle. Kwa maoni yangu hilo si baya hata kidogo. Klabu za England, baada ya kuzuiwa kuchukua watoto wa Ulaya, zimekuwa zikivuna hapa kwetu, na ningependa kumwona kinda akikomaa nyumbani hadi 18, klabu yake ikipata matunda. Mzazi mwingine ataona ni ukatili, kwamba mwanawe amefungiwa ligi tajiri kuliko zote iliyoko saa chache kwa treni. Ana haki ya kuona hivyo, na ana haki ya kulijua hilo kabla ya kupiga kura. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kuhusu uraia, nadhani hofu nyingi hazina msingi. Novemba 18, 2025, Scotland ilipoifunga Denmark 4-2 Hampden na kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998, bao la kwanza lilikuwa la Scott McTominay, mzaliwa wa Lancaster, England, ambaye baba yake ni Mskoti. Che Adams alizaliwa Leicester. Mpango wa serikali ya Scotland wa mwaka 2013 ulisema mwenye mzazi au babu au bibi Mskoti angeweza kuandikishwa kuwa raia. Wa namna hiyo wasingepotea. Ila watapumua kwa amani pale tu shirikisho litakapowaandikia.

Vibali vya kazi ni jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalijua kwa uchungu. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa akielekea Manchester City kutoka Parma, akanyimwa kibali kwa kuwa Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA. Akaenda Inter Milan, na Mei ile ile klabu hiyo ikatwaa Ligi ya Mabingwa. Mdogo wake, Victor Wanyama, alipata kibali akaja Celtic mwaka 2011, na Novemba 7, 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa. Mamlaka ya uhamiaji yako London, kwa Aberdeen kama ilivyo kwa Arsenal. Scotland huru ingejiwekea masharti yake, mepesi au magumu. Kuna kodi pia: mkazi wa Scotland mwenye kipato cha juu kabisa hukatwa asilimia 48 kwenye sehemu ya juu ya mapato yake, wa England 45, na wachezaji wanalipiga hesabu hilo kila wanaposaini. Na najua ninyi wakubwa mna wasiwasi wa kura yenu katika bodi ya sheria za mchezo. Hayo ni ya ofisini, mtayamaliza wenyewe.

Kuna usiku mmoja ambao bado unanikera. Desemba 5, 2023, timu ya wanawake ya Scotland iliikaribisha England Hampden. Nafasi ya timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Paris ilikuwa mikononi mwa England, na wachezaji wa Scotland ni miongoni mwa ambao wangeitwa kwenye timu hiyo. Maana yake England ikishinda kwa mabao ya kutosha, Mskoti anaweza kwenda Olimpiki. Kabla ya mechi watu wakaanza kuhoji kama wanawake hawa watacheza kwa dhati. Walifungwa 6-0. England bado ikakosa nafasi, kwa sababu Uholanzi, mpinzani wake kundini, ilipata mabao iliyoyahitaji dakika za mwisho kwenye mechi yake. Wanawake wale hawakubuni muundo wa dola ya Uingereza, wala hawakupanga kanuni za Olimpiki, lakini walioulizwa kuhusu uaminifu wao ni wao. Huwezi kumweka mtu katikati ya siasa namna hiyo kisha umwambie siasa haimhusu.

Kwa hiyo naomba waraka huo uandikwe na mwanasheria anayezijua kanuni za FIFA, usomwe kwenye kila akademi, na uandikwe kwa lugha ambayo mzazi asiye na wakala ataielewa. Uwepo kipengele cha wazi kwamba maoni ya mchezaji juu ya katiba ya nchi, akiyatoa nje ya uwanja na bila kumtukana mtu, si kosa la kinidhamu. Muuandae pamoja na chama cha wachezaji, na timu ya wanawake iwe na mwakilishi mezani.

Wazazi wa Govanhill wameniomba nikuulize kama utakubali kuja kuwaeleza wewe mwenyewe. Tuna ukumbi, na jioni yoyote ya wiki inatufaa.

Wako,
Kocha wa kujitolea,
Govanhill, Glasgow.