Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tiketi ya Bwawani na Damu ya Ghubani

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulivunjika kwa mabishano: nguvu zetu tuzielekeze kwa wavuvi wanaowinda pomboo, au kwa watalii wanaolipa kuwatazama pomboo mabwawani? Kamati ilichagua watalii. Najua wapo wasioridhika, kwa hiyo naeleza.

Huko Taiji, mji mdogo wa wavuvi katika mkoa wa Wakayama, Japani, msimu huanza kila Septemba. Boti hutoka asubuhi na mapema, na zikiliona kundi hujipanga mstari. Kila boti huteremsha mabomba ya chuma majini, nao wavuvi huyagonga kwa nyundo bila kupumzika. Pomboo huijua njia kwa kusikia, hivyo kelele ile kwao ni ukuta. Hukimbilia upande wenye utulivu, ambao ndio ghuba yenyewe, na nyavu zikafungwa nyuma yao.

Sasa hapo ndipo wakufunzi wa pomboo wanapoingia majini, bega kwa bega na wavuvi. Huwapapasa mmoja mmoja wakitafuta wadogo, hasa majike, wenye ngozi isiyo na makovu. Waliochaguliwa hupelekwa kwenye vizimba. Waliosalia huchinjwa, ingawa mara nyingine baadhi huachiwa warudi baharini.

Nyama ya pomboo mmoja huleta dola mia kadhaa tu. Ina zebaki nyingi, na hata Japani walaji wake ni wachache. Pomboo hai aliyekwisha kufunzwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Ukiondoa biashara hiyo, sioni nani angeendelea kuchoma mafuta ya boti miezi yote hiyo.

Tuliosherehekea mwaka 2015 tuliwahi mno. Aprili ya mwaka huo shirikisho la dunia la bustani za wanyama lilisimamisha uanachama wa chama cha Japani, na mwezi uliofuata chama hicho kikawakataza wanachama wake kununua pomboo wa Taiji. Jumba la makumbusho ya nyangumi la Taiji likajitoa chamani, biashara ikaendelea, na wanunuzi wa China wakazidi kujitokeza. Katazo la kuwinda nyangumi kibiashara, lililoanza 1986, nalo halisaidii. Japani inashikilia kwamba haliwahusu pomboo.

Ndiyo maana barua zetu kwa mawakala wa utalii zimebeba swali moja tu. Pomboo akivushwa mpaka wa nchi husafiri na kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kibalini huandikwa herufi ya asili yake: W kwa aliyekamatwa porini, C kwa aliyezalishwa kizimbani. Tunaomba kuonyeshwa herufi hiyo, na ikiwa ni C tunauliza mama yake alitoka wapi. Wengi hunyamaza. Wachache waliojibu walitutumia picha za pomboo "anayetabasamu", kana kwamba taya lake lingeweza kukaa vinginevyo hata akiwa mgonjwa.

Dalili njema zipo. India ilikataa mabwawa ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikapitisha sheria yake 2019 na Ufaransa 2021. TripAdvisor na Expedia, kampuni za utalii za mtandaoni, nazo zimepunguza mauzo ya tiketi za aina hii.

Baadhi yenu mliomba tuviunganishe katika kampeni hii Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambako pomboo nao huwindwa. Kamati ilikataa. Mauaji ya kule yanachukiza, lakini nyama hugawanywa kwa wenyeji na hakuna pomboo hai anayeuzwa. Tukichanganya mambo haya mawili, wakala yeyote atatushinda kwa hoja.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ziko sawa, ila ada zinachelewa.

Barua za awamu ijayo lazima zitoke kabla ya Septemba. Mwenye kuandika Kichina au Kijapani kwa ufasaha amwone katibu leo, kabla hajaondoka.

Mwenyekiti