Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maktaba: vijana wapewe kazi yenye dhamana

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NAFASI YA VIJANA WA MIAKA 13 HADI 18 KATIKA MAKTABA YA UMMA

Nakuandikia nikiwa mtumiaji wa siku nyingi wa maktaba ya umma na mzazi wa vijana walio katika umri huo. Nimeamua barua hii iwe ya wazi kwa sababu jambo lenyewe haliishii kati yangu na ofisi yako: linawagusa wazazi, walimu, wakutubi wanaokutana na vijana kila siku, na zaidi ya wote vijana wenyewe, ambao mara nyingi hujadiliwa wakiwa hawapo. Ombi langu nalisema mapema lisije likapotea katikati ya maneno: vijana wanaokuja kujitolea maktabani wapewe kazi yenye dhamana, na shughuli zinazoandaliwa kwa ajili yao ziamuliwe pamoja nao.

Katika maktaba nyingi za umma kuna chumba cha watoto, chenye viti vifupi, mazulia na vitabu vya picha, na kuna ukumbi wa watu wazima, wenye ukimya, magazeti na wanafunzi wa vyuo walioinamia meza. Kijana wa miaka 14 hana makao kote kuwili. Huku magoti yanagonga meza, kule kila akivuta kiti anatupiwa jicho la kumuuliza amefuata nini. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akiazima vitabu kila wiki anapotea polepole bila mtu yeyote kumfukuza, kisha anaonekana tena msimu wa mitihani, na hata hapo anakuja na madaftari yake mwenyewe, anatafuta meza, mwanga na mahali pa kuchajia simu, wala hagusi rafu hata moja. Daftari la mlangoni litamhesabu kuwa msomaji, lakini ukweli ni kwamba maktaba imempa kiti tu.

Jitihada zipo, nami sizibezi. Nimeshuhudia vijana wakialikwa mara moja kwa mwaka, pengine kuadhimisha tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya kujitolea iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Wanapewa fulana, wanafuta vumbi, wanabeba maboksi, wanapigwa picha ya pamoja, na jioni kila mmoja anakwenda zake. Kufuta vumbi si aibu, na vitabu vinahitaji kufutwa vumbi. Kasoro ni kwamba kazi yenyewe haimhitaji kijana mwenye akili yake. Ingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kitambaa. Vijana hulitambua hilo upesi kuliko tunavyodhani, na hawarudi mwaka unaofuata.

Msingi wa ninachokiomba upo tayari katika maandiko ambayo ofisi yako inayafahamu vizuri kuniliko. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, ikarekebishwa mwaka 1972, na baadaye mwaka 1994 na 2022 kwa ushirikiano na Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, IFLA, inataka huduma zitolewe kwa wote kwa usawa bila kujali umri. IFLA ina pia mwongozo wa huduma za maktaba kwa vijana, unaolenga hasa miaka 12 hadi 18, nao unasisitiza kwamba vijana washirikishwe katika kupanga huduma zinazowahusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomgusa, kwa ibara ya 12, na haki ya mapumziko, michezo na kushiriki katika maisha ya utamaduni, kwa ibara ya 31. Sidhani tunahitaji andiko jingine. Tunahitaji meza, ratiba na mkutubi aliyepewa muda wa kusimamia jambo hili.

Niruhusu nieleze ninachokiita kazi yenye dhamana, maana hapa ndipo mazungumzo mengi hupotelea hewani. Chukua upangaji wa vitabu rafuni, kazi ambayo wengi huiona duni. Mfumo wa desimali uliochapishwa na Melvil Dewey mwaka 1876 unayagawa maarifa katika makundi makuu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila namba inaweza kurefuka baada ya nukta. Mpe kijana rafu ya elimu ya anga, sehemu ya 523, umwambie aipange. Wengi wanaoanza wataweka kitabu cha nyota, 523.8, mbele ya kitabu cha sayari ya Utaridi, 523.41, kwa hoja kwamba 8 ni ndogo kuliko 41. Mkutubi akisimama naye dakika chache na kumwonyesha kwamba tarakimu za baada ya nukta husomwa moja moja, 4 ikitangulia 8, somo la hesabu ambalo darasani lilikuwa chaki tupu linapata mahali pa kukaa. Akishazoea, atakuja na maswali. Kwa nini hadithi za mapokeo zimewekwa 398.2, katika sayansi za jamii, wakati riwaya na mashairi viko 800? Kwa nini katika kundi la dini namba za 220 hadi 280 zilitengewa Biblia na Ukristo, na dini nyingine zote za ulimwengu zikabanwa katika 290? Kijana aliyefika kwenye swali hilo ameanza kuelewa kwamba kila mpangilio wa maarifa una aliyeupanga, na hiyo ni elimu ambayo hata baadhi yetu watu wazima hatujaipata.

Ukarabati wa vitabu nao ni hivyo hivyo. Kitabu kinachoazimwa sana huanza kulegea pale jalada linapokutana na kurasa, na tiba ya haraka ya watu wengi ni selotepu, ambayo baada ya muda hugeuka njano, hukauka na kuacha utando unaochafua karatasi. Njia sahihi ni rahisi na inafundishika mchana mmoja: sindano ndefu ya kufumia sweta inachovywa kwenye gundi nyeupe ya vitabu, inapitishwa taratibu ndani ya uwazi wa mgongo wa kitabu huku ikizungushwa, kitabu kinafungwa kikiwa na karatasi ya nta katikati ili kurasa zisigandane, kisha kinawekewa uzito hadi kesho yake. Kijana aliyeokoa kitabu kwa namna hiyo hutamuona akikunja kona za kurasa.

Ipo pia saa ya hadithi kwa watoto wadogo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora kuliko zote kwa umri huu. Lakini kumkabidhi kijana kitabu na kumsukuma mbele ya watoto si kumpa dhamana, ni kumtupa majini. Anahitaji kukisoma kitabu kwa sauti akiwa peke yake mpaka akizoee, kujifunza kukishika ubavuni kurasa zikiwatazama watoto, na kujua wakati wa kunyamaza ili mtoto amalizie sentensi. Kijana ambaye darasani husoma kwa kigugumizi na kuchekwa na wenzake anapata hapa wasikilizaji wasiomcheka, na kwa sababu watoto hudai hadithi ile ile tena na tena, anapata mazoezi ambayo hakuna mwalimu angeweza kumlazimisha kuyafanya.

Kuhusu kuwasaidia wazee kutumia simu na kompyuta sitasema mengi, kwa kuwa maktaba nyingi tayari zimeiona faida yake. Natahadharisha jambo moja tu: kijana afundishwe kuacha mikono yake mbali na kifaa cha mwenzake, aelekeze kwa maneno huku mwenye simu akibonyeza mwenyewe, na asiguse kabisa nywila wala mambo ya benki. Utaratibu huo unamlinda mzee, na unamlinda kijana pia siku pesa zitakapopotea na lawama ikaanza kutafuta mtu wa kumwangukia.

Sasa nije kwenye shughuli. Mara nyingi huandaliwa na watu wazima wanaokumbuka ujana wao wenyewe, na ndiyo maana tunapata makongamano ya nasaha ambako kijana hukaa kwa utaratibu akihubiriwa. Maktaba za kwingineko zimethubutu zaidi. Maktaba kuu ya Chicago ilifungua mwaka 2009 sehemu iitwayo YOUmedia, ambako vijana wa sekondari hurekodi sauti, hutengeneza video na picha, au hukaa tu na wenzao mpaka pale kitu kitakapowavutia. Stockholm kuna TioTretton, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya watoto wa miaka 10 hadi 13 peke yao, kiasi kwamba wazazi hawaruhusiwi kuingia. Sidai kwamba tuige vifaa vyao. Ninachokitamani ni ujasiri wao wa kukubali kwamba kijana anaweza kuja maktabani bila kazi ya shule mkononi na bado akawa mgeni halali. Klabu ya sataranji haihitaji zaidi ya ubao na kete, mdahalo unahitaji mada na saa ya ukutani, na klabu ya kusoma inahitaji nakala chache za kitabu kimoja, mradi kitabu hicho kisichaguliwe na mwalimu. Uchoraji wa katuni wataupenda, nao utaleta wale wanaoapa kwamba hawapendi vitabu.

Ili haya yasitegemee hisani ya mkutubi mmoja mwenye moyo, ambaye akihamishwa kila kitu kinakufa, naomba kila tawi liwe na baraza la vijana lenye mamlaka halisi, hata kama ni madogo. Nasema halisi kwa sababu tumeshaona mabaraza ya mapambo yanayoitwa kupiga makofi. Sehemu ya fedha za kununulia vitabu, hata iwe ndogo, itengwe na baraza lipendekeze vitabu vya kununuliwa; na kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana, hata jibu likiwa ni hapana, mradi sababu yake itajwe. Vijana huvumilia kukataliwa. Kisichovumilika ni kutoa maoni yakaingia kwenye boksi ambalo hakuna anayelifungua.

Najua yapo mambo yatakayoisumbua ofisi yako, na mengine yanastahili kuisumbua. La kwanza ni usalama wa watoto. Ridhaa ya mzazi iandikwe, watu wazima wanaosimamia wachunguzwe kabla ya kukabidhiwa vijana, na mtu mzima asikae na kijana mmoja katika chumba kilichofungwa mlango. Taarifa za waazimaji zibaki mikononi mwa watumishi. Kijana anayejitolea hana sababu ya kujua jirani yake ameazima kitabu gani, hasa kikiwa cha ugonjwa au cha matatizo ya ndoa. La pili ni mpaka kati ya kujitolea na kutumikishwa. Ibara ya 32 ya mkataba nilioutaja inamlinda mtoto dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi na kazi inayoathiri masomo yake, kwa hiyo saa za wiki ziwekewe kikomo, wakati wa mitihani wapumzishwe bila kupoteza nafasi zao, na nafasi ya mtumishi aliyestaafu isizibwe kwa vijana wasiolipwa. Hili la mwisho nalisema kwa mkazo, maana kishawishi chake ni kikubwa pale bajeti inapobana.

Watumishi watasema kwamba wao ni wachache, na ni kweli. Miezi ya mwanzo vijana wataongeza kazi badala ya kuipunguza, kwa sababu kila mmoja lazima afundishwe na makosa yake yarekebishwe. Anayeahidi vinginevyo hajawahi kufundisha. Ndiyo sababu napendekeza waanze wachache, na waliokwisha kuiva wawafundishe wanaoingia. Kuhusu kelele, nadhani tunaziogopa kupita kiasi. Ratiba iliyobandikwa mlangoni, ikionyesha saa za mazungumzo na saa za ukimya, itamaliza sehemu kubwa ya ugomvi, kwa kuwa msomaji anayehitaji utulivu hukerwa zaidi na kelele asizozitarajia.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naiomba ofisi yako iteue tawi moja la kuanzia kwa muhula mmoja wa masomo, imtaje mkutubi atakayehusika na kumpunguzia majukumu mengine ili apate muda, na iwaite vijana wenyewe kwenye kikao cha kwanza kabla ratiba haijaandikwa. Kijana atakayemaliza apewe barua inayoeleza alichokifanya hasa: amepanga sehemu gani, amekarabati vitabu vingapi, amesoma hadithi mara ngapi. Cheti kinachosema tu kwamba "alishiriki" hakitamsaidia anapoomba chuo au kazi. Kikao hicho kifanyike jioni au siku isiyo ya shule, kwa kuwa mikutano mingi kuhusu vijana huitishwa wakiwa darasani. Nitashukuru kupata jibu la ofisi yako kwa njia ile ile ya wazi, ili vijana nao walisome.

Wasalaam,

Mzazi na mtumiaji wa maktaba ya umma