Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: kabla lami haijazoeleka Saadani

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama ni mimi niliyekuzidi, basi salamu tu, na tuingie kwenye jambo.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori. Nimekula lami ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka ishirini na mbili. Hifadhi ya Mikumi nimeikatiza mara nyingi kuliko mtalii yeyote, na sikuwahi kushuka hata siku moja kuitazama. Kwangu ilikuwa kilomita kama hamsini za kupunguza mwendo na kununa. Juzi binti yangu akanichoma: "Baba, wewe wanyama unawajua kwa taa tu." Akanilipia kiingilio, tukaenda Hifadhi ya Saadani, tukatembea kwa miguu kutwa nzima. Barua hii imetoka kwenye miguu hiyo, na kwenye barabara unayoijenga ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Askari wa hifadhi mbele na bunduki yake, binti yangu katikati, mzee nyuma. Masharti yalikuwa machache: mstari mmoja, simu kimya, na akisimama yeye wote tusimame. Umande ulikuwa umelowesha nyasi, suruali zikaloa hadi magotini. Upande ule wa kaskazini ndiko ilikokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000. Sasa migunga imejaa palipokuwa na malisho. Ng'ombe wameondoka, mbung'o wamebaki, na mimi nilikuwa nimevaa shati la bluu. Mheshimiwa, mbung'o anapenda bluu kama inzi anavyopenda embe. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Hilo niliambiwa na askari baada ya kung'atwa mara ya nne, huku akicheka pembeni ya mdomo.

Nilichokwenda kukitazama ni simba. Nilichokiona ni njia. Kila hatua mia mbili askari aliinama akatuonyesha: hapa twiga wamevuka usiku, hapa nyati wamekwenda kunywa maji, hapa kuro, hapa ngiri na wanawe. Mimi, mtu wa barabara, nikaelewa mara moja. Ile ilikuwa ramani. Wanyama wale wana barabara zao, zina makutano, zina njia panda, na zina saa zake za msongamano, yaani alfajiri na jioni. Palahala dume, yule swala mkubwa, alisimama mbali, mweusi, pembe zimepinda nyuma kama jambia mbili, akatutazama kwa muda, kisha akaendelea na safari yake. Alikuwa na mahali pa kufika.

Saa sita tukatokea baharini. Hapo ndipo Saadani inapomshangaza mtu, maana unatoka kwenye migunga na kinyesi cha tembo, unapanda tuta la mchanga, na mbele yako ni Bahari ya Hindi yote. Tanzania Bara nzima hatuna hifadhi nyingine ya taifa ambako mnyama wa nyika anafika mpaka ufukweni namna hii. Pwani ya Madete ndiko kasa wa kijani wanakotaga. Mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili, watoto wakianguliwa usiku hufuata mwanga wa bahari. Wakiona taa kali upande wa nchi kavu, wanageuka wanaifuata hiyo, na ndio mwisho wao. Tulikula pale mkate na samaki wa kukaanga, tukalala kivulini nusu saa. Nisingeamini kwamba ningelala porini.

Tuliporudi jioni nilikuwa nimehesabu hatua kwa simu ya binti: kilomita kumi na moja na ushee. Magoti yananiuma mpaka leo.

Sasa barabara. Nisieleweke vibaya, mimi siyo mpinga barabara, barabara imenisomeshea watoto. Watu wa Mkwaja na Saadani wanaihitaji. Udongo mweusi wa kule ukinyeshewa unanasa hata trekta, na mama mjamzito hawezi kuambiwa asubiri ukauke. Tena Saadani si mgeni wa njia. Misafara ilianzia pale kwenda bara, na mwaka 1877 mhandisi wa wamisionari, Alexander Mackay, alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Daraja la Pangani, mita 525, nitalivuka kwa furaha siku likifunguliwa, Mungu akinipa uhai.

Lakini nakujulisha kitu ambacho mhandisi hatakuambia, kwa sababu yeye hajawahi kuendesha tani thelathini saa nane za usiku. Lori likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka macho yaone na mguu ufike kwenye breki, umeshapita mita thelathini na kitu, na breki yenyewe haijaanza kushika. Taa za kawaida zinamulika mbele kidogo tu. Mnyama naye akimulikwa usoni hakimbii, anasimama. Mikumi, mwaka 2008, nilimgonga swala pala. Utingo wangu akasema tushuke. Nikamwambia, "Kaa, tumechelewa." Pale barabarani kuna bango limeandikwa faini ya kila mnyama. Mimi sikulipa, wala hakuna aliyeniuliza. Hilo nalisema hadharani leo kwa mara ya kwanza.

Mikumi lami ilitangulia, matuta yakaja baadaye, na dereva aliyezoea kupita bila kizuizi huliona tuta kama uonevu. Saadani tuna bahati ya kufanya kinyume. Nakuomba matuta na rasta, vile vituta vidogo vya kutikisa gari, viwekwe siku ileile lami inapomwagwa ndani ya hifadhi, dereva wa kwanza kabisa avikute. Na viwekwe kwenye njia za wanyama zenyewe, si kila baada ya umbali sawa kama vigingi vya uzio. Askari wale wanazijua njia hizo kama mimi ninavyozijua mizani za njia ya Tunduma, watembee na wahandisi wako siku mbili tu. Kama hayo yote yamo tayari kwenye michoro, tuoneshwe, nami nitanyamaza.

Mtu atakuambia matuta hayasaidii. Mwambie avuke bahari aende Jozani, Unguja. Pale kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, walikuwa wakigongwa mno kwenye barabara inayopita kando ya msitu. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana. Gharama yake haikuzidi saruji na akili.

Kuhusu usiku, najua nitawaudhi wenzangu. Malori na mabasi yasipite ndani ya hifadhi usiku, njia ya Chalinze na Segera ipo. Gari la wagonjwa lipite, la mwanakijiji lipite taratibu. Na taa za barabarani zisisimamishwe karibu na Madete, kwa ajili ya wale kasa. Tochi za trafiki za kupima mwendo pia ziwepo, lakini trafiki analala, tuta halilali.

Kabla hujatia saini, njoo utembee. Siyo kwa msafara wa magari ya vioo vyeusi, maana humo utaona vumbi la gari la mbele tu. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa miguu, nyuma ya askari mmoja. Beba maji lita tatu. Shati la bluu liache nyumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva mstaafu,
Tanga