Barua kwa Mama Atu, pamoja na kifurushi cha kimea

Mafinga,
Jumapili jioni

Mama Atu mpendwa,

Kamwene! Habari za hapo Uyole? Baba Atu anaendeleaje na mguu, na viazi mmeshauza au bado mnasubiri bei ipande? Sisi huku wazima. Baridi imewahi mwaka huu, mahindi bado mabichi shambani, goti langu lile lile. Salamu nyingine zijaze mwenyewe, maana konda wa basi anapita alfajiri na nataka aondoke na barua hii pamoja na kifurushi.

Utajiuliza kwa nini naandika karatasi kama enzi zile wakati wewe ulinitumia sauti. Simu yako naijua, mwenzangu. Ukifungua ujumbe wa sauti anasikia sebule nzima hadi wapita njia, na ninayotaka kusema yanamhusu mkwe wako, ambaye yupo hapo hapo sebuleni. Nimekusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande ulichosahau kuzima ukawa unamfukuza mbuzi wa watu kwenye mboga.

Sasa. Unasema mkwe anamnyima mtoto uji. Baraka ana miezi mitano, analia usiku, anakodolea macho midomo ya watu wakila. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja naye anakunywa maziwa ya kopo na amenenepa hadi mikono ina mikunjo, Baraka wenu kijiti. Na Mama Sekela amekwambia ni aibu ya ukoo. (Mama Sekela! Yaani bado anatoa hukumu? Haya.)

Mkwe wako yuko sahihi. Nimelisema mapema ili ukikasirika ukasirike sasa hivi, halafu uendelee kusoma.

Watoto wanaonyonya ndivyo wanavyokua. Miezi miwili mitatu ya kwanza wanaongezeka mbio, baadaye wanapunguza mwendo kuliko wenzao wa kopo. Tulizo wangu, tangu amalize masomo ya lishe pale Chuo Kikuu cha Sokoine, hunieleza mambo ambayo sisi tuliopima watoto vijijini kwa mizani hatukuwahi kuambiwa. Kumbe zile chati za ukuaji zilizosambaa duniani tangu miaka ya 1970, upande wa wachanga zilitokana na watoto wa eneo moja tu huko Ohio, Marekani, tena wengi wao wa chupa. Mtoto anayenyonya vizuri ukimweka kwenye chati ile, akifika mwezi wa nne au wa tano anaonekana anaporomoka. Mama anatishwa, uji unaanza. Shirika la Afya Duniani likatoa viwango vipya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, walionyonyeshwa na kutunzwa inavyotakiwa. Hebu chukua kadi ya kliniki ya Baraka uiangalie vizuri na miwani yako. Mstari wake unapanda sambamba na ile iliyochapwa? Kama unapanda, hata ukiwa chini kidogo, mwache mtoto wa watu.

Na huyo bonge wa jirani, usimwonee wivu. Maziwa mengi ya kopo yana protini kuzidi ya mama. Walifanya utafiti nchi tano za Ulaya: watoto wa kopo waligawiwa maziwa ya aina mbili, yenye protini nyingi na yenye protini kidogo, na waliopewa nyingi ndio waliokuwa na uzito uliozidi walipofika miaka sita. Urefu ulikuwa ule ule. Yaani ile mikunjo ya mikono haikuwaongezea kimo hata kidogo. Simsemi vibaya mama yake, huenda ana sababu zake na hazituhusu. Nasema tu kwamba unene si kipimo.

Halafu suala la maziwa kwenye friji. Mama Atu, nimecheka. Eti mkwe anakamua maziwa anayaweka karibu na samaki na wewe umeona kinyaa! Likizo ya uzazi ni siku 84, miezi sita ni zaidi ya 180, sasa ulitaka afanyeje? Angalau sheria inamruhusu kutoka kazini hadi saa mbili kwa siku kwenda kunyonyesha, sijui kama mkuu wake wa shule analifahamu hilo au anajifanya hafahamu. Wewe hamisha samaki.

Lakini usidhani namtetea moja kwa moja. Mwezi ujao Baraka anatimiza miezi sita, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Hiki ndicho kilichonifanya nikeshe na kalamu. Siku hizi mabinti wamekariri "maziwa ya mama pekee miezi sita" kama sala. Ukiwauliza, na mwezi wa saba? Wanakujibu, uji. Uji gani? Kimya.

Kuna utafiti mwingine mkubwa wa Belarus. Hospitali nyingine zilipewa mafunzo ya kuwasaidia mama wanyonyeshe muda mrefu, nyingine zikaendelea na utaratibu wao. Watoto wa kundi la kwanza waliharisha kidogo kuliko wa kundi la pili mwaka wao wa kwanza. Ila walipopimwa wakiwa na miaka sita na nusu, urefu wao na wa wenzao haukutofautiana. Huko ni Belarus, wana maji safi na chakula cha kutosha, huku kwetu kuharisha mara kwa mara ni jambo linalokula kimo cha mtoto. Hata hivyo nilichokielewa ni kwamba ziwa humlinda mtoto, na kuanzia mwezi wa saba haliwezi tena kumkuza peke yake. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yameanza kuisha, mwili unadai zaidi, na sisi tunampa nini? Maji ya moto yenye unga.

Unaikumbuka ile kazi yetu? Iringa ilikuwa bado moja na Njombe, vijiji vya mradi 168, kila siku ya afya tunaning'iniza mizani kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, watoto wanapiga kelele ndani ya kile kikaptula, wewe unasoma namba mimi naandika, kijani, kijivu, nyekundu. Nyekundu ilipungua kweli kweli. Wale waliokuwa wakija wamevimba miguu tukawa hatuwaoni. Ila mizani ile ilipima uzito tu. Kimo hakikuwa kazi yetu, na mtoto aliyedumaa huwezi kumtambua kwa macho. Ana mashavu, anacheza, anacheka, wewe unadhani ana mwaka na nusu kumbe ana miwili na nusu. Na kama kijiji kizima wako hivyo, nani atashtuka?

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa ni kama 30 katika kila 100 nchi nzima. Iringa ni 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu kwa nusu. Sisi! Sisi tunaolisha Dar es Salaam, magari ya mahindi na viazi yanashuka Kitonga usiku na mchana. Nilipomwambia shemeji yangu wa Kilolo akanijibu, ah, sisi ukoo wetu wafupi. Lakini wale watoto wa nchi sita, Mhindi, Mghana, Mnorwei, waliolelewa vizuri walilingana kimo karibu kabisa mpaka miaka mitano. Sasa ufupi wa ukoo utaanzaje kwa mtoto wa miaka miwili? Shemeji kanyamaza, akaomba chai.

Chakula kipo, tena kingi. Tatizo ni kijitumbo. Mtoto wa kilo nane, tumbo lake linabeba kama robo lita kwa mlo, basi. Ukimjaza uji mwembamba ameshiba, amelala, wewe una amani, na ndani hakuna kitu. Ukiupika mzito unamkwama. Na msimu wa kulima mama anatoka alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane na chupa ya chai yenye uji wa asubuhi, milo miwili imeisha, wakati akifika miezi tisa anatakiwa ale mara tatu au nne na ziwa juu. Hapo bado hujaweka wale wanaomnywesha ulanzi mtogwa, ile pombe ya mianzi ikiwa bado tamu, ili alale. Tena usiniambie ni mambo ya zamani, msimu huu huu nimeshuhudia.

Ndiyo maana nakutumia kimea. Hicho cheupe-chekundu kwenye kopo la plastiki, ni ulezi uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa. Umeshasahau? Kilikuwa chetu, watu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikifanyia majaribio huku huku Iringa, Luganga, miaka ile ya themanini. Unaupika uji mzito wenye karanga zilizosagwa, unaipua, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kimoja cha chai cha kimea, unakoroga. Unaona mwenyewe ukilegea, bila kuongeza tone la maji. Kimea hukata ile wanga inayovuta. Mtoto anakunywa robo lita ile ile lakini safari hii ina chakula. Usikitie uji ukiwa jikoni unatokota, moto utakiua na utabaki na uji wako mzito. Ukishalegea ndiyo urudishe uchemke kidogo. Na asipewe kabla hajatimiza miezi sita, Mama Atu, nakuona unavyolichungulia hilo kopo.

Basi kukianika tu hapa uani imekuwa balaa. Nimeloweka ulezi usiku mmoja, nimeufunika ukachipua, nimeutandaza juani. Babu Kigosi akapita, akanusa, akarudi jioni na mwenzake. Wamekaa kwenye benchi wananiuliza kwa heshima zote, mama, pombe ya komoni itaiva lini? Nimewaeleza ni ya watoto. Hawajaamini mpaka leo, jana tena wamepita.

Uji peke yake hautoshi lakini, hata wa kimea. Mwambie mkwe, au tuseme mshauri, mshauri kwa upole: maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, yai, parachichi (kwenu yanaoza chini ya miti!), mboga za majani, dagaa wa kusaga. Hiyo hadithi ya shangazi kwamba mayai yatamchelewesha kusema achana nayo, Atu mwenyewe alikula mayai na tangu aanze kusema hajanyamaza. Na usinunue ule unga wa "lishe" wenye nafaka saba sijui nane kwenye mfuko mmoja. Nafaka ni nafaka, ukichanganya mahindi, mchele, ngano na mtama umepata wanga mara nne. Bora aina moja ya nafaka na karanga nzuri, zisizo na ukungu. Hizo karanga zichague mwenyewe kwa mkono, moja moja, ile sumu ya kuvu huioni ikishasagwa, na wataalamu wanaihusisha nayo na kudumaa.

Tulizo huwa ananipa mfano wa Guatemala. Vijiji vinne, kuanzia 1969 hadi 1977, viwili vikapewa uji wenye protini na nguvu, viwili kinywaji kitamu tu. Waliokunywa uji ule wakiwa wadogo walirefuka zaidi, na wanaume waliokunywa kabla ya miaka mitatu, walipokuwa watu wazima kipato chao kwa saa kilizidi cha wenzao kwa karibu nusu. Waliopewa wakiwa wakubwa hawakupata faida hiyo. Nilitaka kukuandikia zaidi kuhusu hilo lakini mshumaa... umeme umekatika tena, ngoja.

Umerudi. Nilikuwa nasema nini? Ah, ombi. Nina mawili. La kwanza, mkimpeleka Baraka kliniki mwezi ujao, msikubali apimwe uzito peke yake. Waombe ubao, alazwe, apimwe urefu, na waandike kwenye kadi. Wakisema ubao haupo, ulizeni upo zahanati gani. La pili, nitafutie debe la ulezi pale Mwanjelwa, ule wa Sumbawanga ukiwepo, wa huku unauzwa bei ya mchele. Na dagaa wa Nyasa, wale wadogo wakavu, kutoka Kyela. Hela nitatuma kwenye simu ukiniambia bei, bei ya kweli, si ile ya kirafiki unayojifanya kunipa halafu unamlalamikia Mama Sekela.

Sasa nijibu, kwa maandishi. Kadi ya Baraka inasemaje, alizaliwa na kilo ngapi? Mkwe anakula nini mwenyewe, au anakamua maziwa huku anashindia chai na andazi? Analala saa ngapi? Nani atakayemlisha mtoto mchana akiwa shuleni, wewe au yule binti mpya, na huyo binti ananawa mikono? Ng'ombe wenu ameshazaa? Maana nakujua, usije ukamgeuzia mtoto maziwa ya ng'ombe kabla ya mwaka kwa sababu yanamwagika. Na Sekela, ni kweli ameacha kazi? Harusi ya Atu ni Agosti au imesogezwa, maana kitenge sijakata?

Konda anaitwa Sanga, basi linafika Uyole kabla ya saa sita mchana. Nauli ya mzigo nimeshalipa, akikudai tena usimpe.

Ni mimi,
Mama Tulizo