Mwanangu, Nani Atakayekiondoa Kidhibiti Hicho?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma pamoja na baba yako. Umeeleza kwa kirefu rangi ya pikipiki na mlio wa injini yake, kisha mwishoni kabisa ukaandika kwamba nisiwe na wasiwasi kwa kuwa fundi ataipunguza nguvu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyajibu. Hongera nitakupa, kwa maana fedha ni zako, umezitafuta mwenyewe, na mafunzo ya udereva umeyamaliza bila kusukumwa na mtu yeyote. Lakini pikipiki ya mbio ya cc 600, yenye silinda nne, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza, na ushauri ulipaswa kuuomba kabla ya kulipa.

Kwa kuwa umekwisha kuinunua, nimemwendea fundi ambaye amezifanyia kazi pikipiki za aina hiyo kwa miaka mingi, nikamuuliza maswali mpaka nadhani alichoka, na nililolielewa ni kwamba kidhibiti, yaani kitu cha kuipunguzia pikipiki nguvu, huwekwa kwa njia nyingi. Iko njia ya kuweka pete za chuma zenye tundu dogo katika mlango wa hewa wa kila silinda, ili injini isiweze kuvuta hewa nyingi inapozunguka kwa kasi. Iko njia ya kuweka kizuizi cha skrubu kinachoufanya mkono wa mafuta, ule unaouzungusha ili kuongeza mwendo, usizunguke mpaka mwisho. Na iko njia ya kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, ambayo kwenye pikipiki za kisasa zisizo na waya wa kuunganisha mkono wa mafuta na injini ndiyo safi kuliko zote, kwa sababu kompyuta yenyewe huamua ni hewa kiasi gani ipite. Zote tatu zinaweza kuishusha pikipiki hadi kiwango kilekile. Zinapotofautiana, na hapa ndipo moyo wangu ulipokwama, ni katika namna zinavyoondolewa. Pete haziondoki mpaka tangi na boksi la hewa vifunguliwe, na hiyo ni kazi ya fundi. Programu inahitaji kifaa cha kuingilia kwenye kompyuta. Lakini kizuizi cha skrubu utakifungua peke yako, kwa spana moja, jioni ile ambayo wenzako wamekucheka kwamba wanakungoja kila kona. Kwa hiyo nakuuliza: mmekubaliana njia ipi, nani atakayekiondoa kidhibiti hicho, na lini? Hukuandika.

Wala usinijibu kwamba pikipiki yako ina kitufe cha kuchagua hali ya mvua. Hali hiyo huifanya injini iitike polepole, na katika baadhi ya pikipiki hupunguza pia nguvu ya juu, nami sina ugomvi nayo. Itumie hata siku za jua. Lakini kinachowashwa kwa kidole gumba huzimwa kwa kidole gumba hichohicho, na mimi kitufe cha namna hiyo sikihesabu kuwa kidhibiti.

Sasa nisikilize kwa makini katika jambo ambalo nahisi hukuelezwa na aliyekuuzia. Pikipiki za aina yako hutoa takriban nguvu farasi 120, nazo hupatikana injini inapozunguka kama mara 13,000 kwa dakika au zaidi. Ukiishusha mpaka kilowati 35, yaani nguvu farasi 47 hivi, kinachokatwa ni kile cha juu. Ni kama kuteremsha dari ya chumba: arukaye sana atagonga kichwa, lakini sakafu imebaki ilivyokuwa. Katika mizunguko ya chini, mahali ambapo wewe utakuwa ukihangaika kuondoka kwenye taa na kugeuza katika njia nyembamba, injini itavuta karibu vilevile kama ambavyo ingevuta bila kidhibiti. Uzito wake, unaokaribia kilo 190 ikiwa na mafuta, haupungui hata gramu moja. Breki za mbele, zenye diski mbili kubwa, zinabaki na ukali wake wote, na anayeanza huzishika kwa hofu, kiganja kizima, tairi likiwa limepinda. Kama pikipiki yako haina breki za ABS, zile zinazozuia tairi lisigande unapozishika kwa nguvu, naomba uniambie sasa na si baadaye. Vishikio vyake viko chini, kwa hiyo mwili wako utaegemea viganja, na mwili ukiegemea viganja kisha tairi likakuta shimo, mkono wa kulia huvuta mafuta bila wewe kuamua. Kidhibiti hakioni tofauti kati ya mafuta uliyoyataka na mafuta uliyoyavuta kwa kushtuka.

Na hiyo kasi yenyewe usidhani imefungwa. Nguvu farasi 47 katika pikipiki iliyochongwa kukata upepo zinatosha kuifikisha zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na ukienda kwa kasi maradufu, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki maradufu bali mara nne. Nimekueleza haya yote si ili uone kwamba kidhibiti hakina maana. Kina maana kubwa: kinakupa muda, kwa kuwa kosa la mkono ukiwa tayari uko kwenye mwendo halitazaa ule mruko ambao hata dereva mzoefu huuogopa. Lakini muda huo utakufaa tu kama kidhibiti kitakaa mahali pake kwa muda wa kutosha, na ndiyo maana sichoki kuuliza nani atakayekiondoa.

Yapo mambo ambayo nimeambiwa kwamba mafundi wa haraka huyafanya, nawe uyakatae. Kuziba kichujio cha hewa kwa utepe kwenye pikipiki ya kabureta huifanya injini ilewe mafuta na plagi zijae masizi. Hiyo ni kuiumiza injini. Kubana mkono wa mafuta kwa kipande cha mpira au kwa boliti ya kubahatisha ni hatari zaidi, kwa sababu kikisogea kinaweza kuukwamisha mkono ukiwa umefunguka. Na akikuambia kwamba atabadilisha sproketi, yaani lile gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, basi nguvu imepungua, mshukuru uondoke. Sproketi hubadilisha namna nguvu inavyofika kwenye tairi la nyuma, haiipunguzii injini nguvu. Tena ukiweka kubwa nyuma, pikipiki itaondoka kwa ukali kuliko ilivyokuwa, na katika baadhi ya pikipiki hata mita ya mwendo itaanza kusema uongo.

Sheria ya mahali ulipo utaisoma mwenyewe, maana kusoma hukuwahi kushindwa, na kama ungelikuwa unanisikiliza kama unavyosoma tusingelikuwa tunaandikiana barua ya namna hii. Mimi nimeangalia wengine wanafanyaje. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, leseni ya ngazi ya kati inayoitwa A2 inaruhusu pikipiki isiyozidi kilowati 35, na isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kisha wameongeza sharti ambalo lilinifanya niiweke miwani chini: pikipiki iliyopunguzwa nguvu isiwe imetokana na yenye nguvu zaidi ya maradufu ya kiwango hicho, yaani kilowati 70. Yako, ikiwa na nguvu zake zote, inakaribia kilowati 88. Maana yake ni kwamba huko isingekubalika kwa leseni hiyo hata fundi akiweka kidhibiti kizuri namna gani, wakati Honda CBR500R, ambayo imetoka kiwandani ikiwa na kilowati 35, inakubalika bila kuguswa, na Yamaha R7 inakubalika baada ya kupunguzwa. Australia nao hawatazami ukubwa wa injini peke yake bali huulinganisha na nguvu na uzito, ndiyo sababu zipo pikipiki za cc 650 zilizopunguzwa nguvu ambazo anayeanza anaruhusiwa kuziendesha, na hizi za mbio za cc 600 haruhusiwi. Sitaficha ninachokitaka: ningefurahi zaidi ungeliiuza hiyo na kununua ndogo, ya cc 300 au 400, uiendeshe mpaka uichoke. Baba yako anasema nisikushike koo kwa jambo ambalo limekwisha kufanyika, na kwa kuwa ni nadra yeye kusema lolote kuhusu mambo yako, nimemsikiliza nusu.

Basi kama utaibakiza, nina masharti, na wewe unajua kwamba siyatoi ovyo. Kidhibiti kiwe cha pete au cha programu, kisiwe cha skrubu. Pikipiki ipimwe kwenye mashine ya kupimia nguvu ya tairi la nyuma, kabla na baada, nami nitumiwe karatasi zote mbili, kwa kuwa neno la fundi kwamba "imepungua" halipimiki. Mwenye bima aelezwe kwa maandishi, na kidhibiti kikija kuondolewa aelezwe tena siku hiyohiyo, usije ukagundua baada ya ajali kwamba ulikuwa ukilipia bima ya pikipiki ambayo si ile unayoiendesha. Kifaa cha kuiondoa programu, au spana za kuzitoa pete, visikae kwako. Huko Ulaya dereva hukaa miaka miwili na leseni ya A2 kabla ya kupanda ngazi. Na wewe ukae miaka miwili, uwe umeendesha kwenye mvua, usiku na barabara ya vumbi, ndipo tuzungumze. Usiamue siku ambayo umeendesha vizuri. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko siku utakayoanguka ukiwa unajifunza kusimama, kwa sababu anayeanguka akiwa amesimama huinuka akiwa na adabu, na anayeendesha vizuri mara moja hutafuta spana.

Mdogo wako amekwisha kuniuliza ni lini utampakia. Nimemwambia hapana, na nakuomba usinigeuke kwa kumwahidi kwenye simu, kama ulivyofanya katika ile safari. Abiria huongeza uzito nyuma, huifanya sehemu ya mbele iwe nyepesi na hubadilisha breki zote ulizozizoea, na kile kiti cha nyuma cha pikipiki za mbio kimewekwa kwa ajili ya picha. Koti la zamani la ngozi, lile la baba yako, nimelitoa kabatini. Mabega yatakutosha lakini halina kinga za viwiko, kwa hiyo lisikuzuie kununua lako. Helmeti usinunue iliyotumika, hata kama anayeuza ni rafiki.

Hapa nyumbani stoo imeanza kutolewa vitu. Baba yako hajasema kwamba amekubali, ila tangu juzi anahamisha mbao na ndoo za rangi, na ameziba lile bati lililokuwa likivuja upande wa dirisha. Anasema ukija na pikipiki italala humo, na kwamba kitasa kipya kitakuwa na funguo mbili, mmoja wako na mmoja wake. Mimi nimemwambia kwamba spana zake zote zihamie chumbani kwetu, naye amecheka, lakini nimeanza kuzihamisha. Anachotaka kujua sasa ni upana wa usukani kutoka ncha hadi ncha, apime mlango wa stoo kabla fundi seremala hajaja Jumamosi. Mtumie kipimo hicho leo, na jibu la swali langu ulitume pamoja nacho.

Mama yako