Ile "sawa" yangu kwa Shangazi

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Wazee hawajambo? Na yule mgonjwa wako keshaanza kula? Sie huku wazima, alhamdulillahi. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mpaka njia haipitiki, nguo zote zanukia karafuu. Kimya changu nisamehe. Leo nakuandikia kwa kuwa nina shida, sikufichi.

Nimekosana na Shangazi. Tena hapakuwa na ugomvi, hakuna aliyepaza sauti. Ni neno moja tu.

Kazini walitupeleka mafunzo ya mawasiliano, siku mbili. Mkufunzi kijana, kavaa suti na joto lile, akatuandikia ubaoni ati ujumbe wa mtu wafika hivi: maneno asilimia 7, sauti 38, uso 55. Wakati wa chai nikasikiliza ujumbe wa sauti wa Shangazi, dakika tatu nzima: hitima ya marehemu Ami ni Ijumaa, nivuke mapema nimsaidie kupika. Tukaitwa ndani. Nikamjibu chini ya meza, kwa kidole gumba: "Sawa." Basi. Hamna salamu, hamna "Shangazi", hata inshaallah sikutia. Na ubaoni tunafundishwa kuwasiliana!

Jioni nikampigia. "Hapana neno, mwanangu," akasema. Unamjua. Ile "hapana neno" yake inayoshuka mwishoni, kisha kimya, nasikia mwiko tu kwenye sufuria. Nikavuka, nikamenya vitunguu mpaka macho yakavimba, na siku nzima akaniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye cheti cha skuli.

Niliporudi nikazitafuta zile asilimia. Kumbe zatokana na tafiti za mtaalamu wa saikolojia, Albert Mehrabian, na wenzake kule Los Angeles, zilizochapishwa 1967. Katika mmojawapo watu walisikilizishwa neno moja, "labda", kwa sauti za namna mbalimbali, huku wakionyeshwa picha za nyuso, wakisie msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Mehrabian mwenyewe keshasema hesabu ile ni ya hisia, si ya kila maongezi. Na ni kweli, uso gani utakaonieleza kuwa hitima ni Ijumaa? Lakini neno moja na hisia nyuma yake, shoga, si ndiyo "sawa" yangu hiyo? Mie sikumpelekea Shangazi sauti wala uso. Vyote viwili kavitia mwenyewe, na kavitia vya hasira.

Kwa hiyo simu siitaki tena. Nataka uende wewe kwake huko Unguja, Jang'ombe, kwa miguu yako. Namletea doti ya kanga, kijana wa Mama Riziki atapanda nayo boti ya Mkoani Jumamosi. Hiyo kanga nayo imenitoa jasho! Muuzaji kanitandazia "Subira yavuta kheri", nikaona Shangazi atasema namwamrisha asubiri. "Wema hauozi", atasema namsimbulia. "Radhi ni bora kuliko mali" nilikuwa nishaikamata, ndiyo hasa niliyoitaka, nikakumbuka ile mikarafuu ya Babu isiyokwisha kesi. Neno mali nyumba ile! Nikairudisha mbio. Mwisho nikachukua "Nani kama mama", kwani yeye ndiye aliyenilea.

Ukifika piga hodi yako vizuri, usiingie na simu mkononi. Mkufunzi alituambia tumtazame mtu machoni tunapozungumza naye. Mjaribu Shangazi hivyo uone utakavyotolewa. Kaa kwenye mkeka, mpe kanga kwa mikono miwili, jina, yale maandishi yake, liwe juu. Halafu usinitetee. Hili moja la mafunzo nimelipenda: mtu asikatizwe, na akimaliza umrudishie maneno yake kwa namna yako, "Yaani Shangazi, kilichokuuma ni kujibiwa kama karani wa duka?" Atakusahihisha. Mwache akusahihishe, ndipo yatakapotoka yote. Akikuuliza mbona sikuja mwenyewe, mwambie likizo sijapewa. Ni kweli, ingawa... haya, tutasema ukija.

Mtazame mikono. Akiikunjua kanga akalisoma jina kwa sauti, tumepona. Akiitia chini ya mto vilevile ilivyokunjwa, niambie, nitavuka hata bila ruhusa.

Utakwenda lini, Jumapili Alasiri au asubuhi? Alasiri ana watu barazani, au siku hizi hawaji? Goti lake bado lamsumbua? Wewe ulipokuwa hapo kwenye hitima hukumsikia akinitaja? Na kweli Kidawa karudi kwa mumewe, au ni maneno ya mjini tu?

Nijibu kwa barua. Usiniandikie "sawa".

Wasalaam,
Shoga yako wa Wete